Tupa

Ganzi imeshika upande wa kushoto.
Mzee Aminiel, mhunzi wa Mamba,
ananiuliza kwa nusu mdomo:
hiyo nyembamba ni nini?

Tupa, namwambia. Nikeli na titani.
Anacheka hadi taa inatikisika:
tupa anazo, nene kama kidole,
za kunolea mapanga ya migombani.

Namwekea kiganjani.
Anaikunja kama ubua, anangoja ivunjike.
Haivunjiki.
Naichovya kwenye kikombe cha maji ya moto,
inajinyoosha yenyewe.
“Chuma changu nikikipinda kinatii,” anasema.
“Hiki kinakumbuka.”

Mzizi wa gego lake umejipinda
kama njia ya kushukia mfereji.
Chuma cha pua kingeng’ang’ania kunyooka,
kingetoboa ukuta.
Hii inafuata kona huku ikizunguka,
mara mia tatu kwa dakika,
mgongo unavutwa, tumbo linabanwa,
mgongo, tumbo,
na hapo ndipo inapochoka.
Wala haioneshi.
Inakatika tu, ncha inabaki ndani.

Mwaka juzi, mama mmoja wa Pasua:
milimita tatu.
Anazo mpaka leo. Tukikutana sokoni Mbuyuni
ananisalimia vizuri, namtazama shavu.

Kasha lina alama nne za Haikaeli,
moja kwa kila mvuke.
Mzee anaigonga kwa ukucha, karibu na sikio,
kisha mara ya pili.
“Imechoka hii.”

Sibishani na sikio la Mamba.
Nafungua mpya.
Haikaeli anainua ile ya zamani: na hii?
Tupa, nasema.

“Anajua ni tupa,” anaguna mzee.
“Anauliza aifanyeje.”