Nane ya Nyuki

Sikonge, kidato cha pili, jua limeshaingia dirishani.
Mwalimu Kalunde ameleta nyuki mfu ndani ya kiberiti
na boksi tupu la chaki,
rula mbili kazichomeka mbavuni.

"Bawa halina msuli. Tazameni kifua."
Anabonyeza mfuniko, rula zinapanda.
Anaachia, mfuniko unabenuka,
rula zinashuka.
Ndivyo hivyo, zaidi ya mara mia mbili kwa sekunde,
na kila mwisho wa pigo bawa linajipindua
kama ungo mikononi mwa mpepetaji,
likichora nane iliyolala.

Tukachora nane hewani, viwiko vikagongana.
Lugembe peke yake hakuchora.
Kwao wanarina. Akafumba macho, akavuma puani:
"Huyu katulia."
Akavuma juu zaidi:
"Huyu, kimbia!
Sasa, mwalimu, ni kifua ndicho kinachokasirika?"

Chaki ikasimama ubaoni.
"Hilo silijui," akasema,
akaliandika.

Kengele. Nyamizi akainamia kiberiti, akapuliza.
Bawa likainuka,
moja tu,
kwa kifua chake yeye.