Sababu ya Nne

Nhonya ndiye mwandishi wetu hapa Isanga.
Zamani alikuwa karani wa ghala; herufi zake zimeinama
upande mmoja, kama uwele siku ya upepo.
Malipo yake nusu mche wa sabuni kwa kila ukurasa.
"Sema," ananiambia, "lakini sema kimahakama.
Anza na Kwamba."

Kwamba, hakimu alikosea kuuamini mkasi.
Mkasi wa kupogolea zabibu, mpini mwekundu,
uliookotwa chini ya dirisha la Bi Sechelela, wavu umekatwa.
Mheshimiwa, Hombolo ushirika ulitugawia mikasi mia na ishirini,
mipini yote myekundu.
Wangu nilikuwa nimeufunga uzi wa katani,
maana springi ilikatika tangu masika.
Mwendesha mashtaka aliuinua juu watu wauone.
Springi ilikuwa nzima, inang'aa.
Hakuna aliyeuliza.
Hata mimi sikuuliza. Niliambiwa nikae, nikakaa.

Kwamba, shahidi wa pili aliona mgongo.
Mwezi ulikuwa umekufa siku mbili nyuma,
tochi ni ya simu, na simu, kwa kinywa chake mwenyewe,
ilikuwa inaomba chaji.
"Nilimjua kwa anavyochechemea."
Mheshimiwa, msimu wa kupogoa bonde zima huchechemea.
Unachuchumaa tangu alfajiri mpaka goti life ganzi,
jioni kila mtu anaiburuta miguu kama ya kuazima.

Kwamba, kisanduku cha vikoba, chenye kufuli tatu,
hakikuonekana kwangu.
Walipasua godoro. Walichokonoa dari.
Mlenda mkavu wa Nyemo waliumwaga uani,
upepo ukamaliza upekuzi.
Kwenye hati, mbele ya Vitu Vilivyokamatwa, waliandika: Hakuna.
Nhonya amelipigia mstari neno hilo mara mbili.

Na bado hukumu, ukurasa wa mwisho, inasema
ushahidi unatosha.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwambia ongeza ya nne:

Kwamba, Mheshimiwa, nimezaliwa mahali
ambapo hakuna kilichowahi kutosha.
Mvua huja kama mgeni asiyekaa, hata kigoda hakipati joto.
Uwele hutufikisha Novemba; Desemba tunabisha hodi kwa watu.
Kreti yangu mnunuzi huitikisa, zabibu zikashuka vidole viwili,
akasema haijajaa, nami nikaongeza.
Shuka ikificha kichwa, miguu iko nje.
Ushahidi peke yake ndio uliotosha.
Ulitosha kabla ya saa sita mchana,
ukabaki na wa kugawa: miaka saba.

Nhonya akaweka kalamu chini.
"Hii si sababu. Haya ni malalamiko.
Jaji hana mizani ya uchungu."
Akaikata kwa mstari mmoja mnyoofu, wa karani,
ila sabuni ya ukurasa huo hakuidai.

Siku ya rufaa nilikuwa nimeloa jasho kabla ya kuitwa.
Jaji alisoma zile tatu kwa sauti ndogo,
akafikia mahali palipokatwa,
akapasogeza karibu na miwani, akanyamaza kidogo.
"Mrufani, una la kuongeza?"

Nilikuwa nalo. Lilinijaa mdomoni lote,
mvua, kreti, shuka, mlenda wa Nyemo.
Nikalimeza.
Nikasema: "Naomba mkasi uletwe. Naomba uitazame springi."

Karani alitumwa stoo ya vielelezo.
Ukumbi ukatulia. Nje, mtu alikuwa akinadi zabibu kwa fungu.
Na kutoka mwisho wa korido nikazisikia funguo,
akijaribu moja,
akijaribu nyingine.