Mlango wa Buluu

Rangi ya juu niliibandua kwa kisu,
ya pili kwa moto wa taratibu,
ya tatu ikatoka yenyewe kama ganda la kitunguu,
na chini yake mbao tupu.
Buluu hakuna.

Nikampigia Bi Marekhi, mkurugenzi, kule Kutaisi.
"Buluu imo kitabuni, ukurasa wa kwanza.
Watoto wa shule wameikariri.
Paka."

Alhamisi akaja Lamara, mdogo wa marehemu,
miaka themanini na minane, mkongojo, mfuko wa jozi.
Akapita chumba cha tiketi bila kulipa.
"Hapa alilala mbuzi," akasema,
"na alikuwa na adabu kuwashinda."

Kitanda cha shaba tulichokinunua mnadani
alikitazama kama mtu aliyekosea nyumba.
"Sisi tulilala chini, wote watano,
mzungu wa nne."

Nikamwuliza habari ya mlango.
Akapitisha kiganja juu ya mbao,
akasimama penye kifundo, akakikuna kwa ukucha.

"Rangi tungeitoa wapi?
Baba alidaiwa hata misumari.
Ila dada, taa ikishazimwa,
alitutajia rangi za vitu tulivyokosa.
Koti langu lilikuwa jekundu.
Mlango alianza nao."

Akanigawia jozi mbili, akaondoka.

Nimepaka buluu, mikono miwili, upande wa nje.
Upande wa ndani nimeuacha
na kifundo chake.

Bi Marekhi amesifu kazi kutoka barabarani.
Hajaingia bado akaufunga.