Taya la Fundi Zihalirwa

Miaka thelathini na minane nimejenga Kadutu
juu ya udongo mwekundu usiojua kutulia,
na kila mwenye kiwanja nilimwambia neno moja:
usiniulize ukuta, niulize chini kuna nini.
Wengine walinisikia. Wengine mvua ya Aprili iliwahamisha
pamoja na milango yao, funguo zikiwa mfukoni.

Kisha nikalala mimi kwenye kiti, Nguba, karibu na ziwa,
mdomo wazi kama shimo la choo kabla ya zege,
na daktari Mwamini akainua picha ya radio dirishani:
taya langu, jeupe, jembamba.
"Mzee, mfupa umepungua. Umekaa mno bila meno.
Mfupa usiobeba kitu hujila wenyewe."
Nilicheka kooni. Kilima kikikatwa miti
nacho hufanya hivyo.

Mwanangu Birindwa alituma dola kutoka Liège.
Elfu nne. Kuna nyumba nimezimaliza kwa chini ya hapo.
Skrubu nne taya la chini, na juu yake safu nzima,
meno kumi na mawili yaliyonyooka kama wanafunzi wa masista.

Kulikuwa na karatasi. Nabintu, binti yangu,
aliisoma kwa Kifaransa akinigeuzia,
sauti ikishuka kila mstari:
kwamba usaha unaweza kuingia,
kwamba mfupa unaweza kukikataa chuma,
kwamba chini ya meno unapita mshipa wa fahamu
na keekee haina macho,
kwamba sigara, kwamba sukari
(baba, wewe una sukari),
kwamba safu inaweza kupasuka katikati ya chakula,
kwamba pesa hazirudi.
Nikatia sahihi.
Wateja wangu nao walitia hivyo hivyo,
macho kwenye mchoro.

Miezi mitatu: uji, bugali laini, sombe iliyotwangwa mara mbili.
Mahindi ya kuchoma ya Essence niliyapita
kama mtu anayempita anayemdai.

Skrubu ya tatu ilianza mambo yake mvua za Septemba.
Asubuhi niliigonga kwa kijiko
jinsi ninavyogonga tofali kabla ya kulilipia:
tofali zima hulia, bovu hunyamaza.
Ilinyamaza.
Daktari aliing'oa kwa vidole viwili. Haikuuma,
na hilo ndilo lililonitisha.
Akaniwekea kiganjani: fupi kuliko msumari wa bati,
nyuzi zake safi, zinang'aa,
hata chembe ya mfupa haikuwa imezishika.

Na mdomo wa chini, upande wa kushoto,
umelala tangu siku ile, haujaamka.
Chai hunitoka nami sina habari;
mjukuu hunipangusa kwa kiganja, akarudi kwenye mchezo wake.
Noeli, Cibalonza alinibusu. Nilipokea nusu.
Jina lake lina zeti katikati,
siku hizi linanitoka na mluzi,
naye hugeuka haraka kuliko zamani za uchumba.

Daktari anasema tungoje miezi sita,
tuongeze mfupa wa unga, tutoboe tena.
Dola elfu moja na mia tano.
Simlaumu. Alinionya. Usiku nahesabu
niliowaonya mimi, kisha nikapokea malipo ya kwanza
na kuchimba.

Jana nilikuwa Cimpunda, kiwanja kimeinama
kama paa la kuku. Mume na mke, vijana,
wanataka ghorofa moja, na baraza ya kutazama ziwa.
Nikaanza: chini hapa, mnajua chini kuna nini?
Mate yakanitangulia, nikayafuta.
Yule kijana alikuwa ananitazama kinywani.
"Fundi," akasema, "una meno mazuri sana!"

Nikaomba chepe.