Mishumaa Sita ya Nta

Bwana mwandishi, umepanda ngazi zangu zote
kuniuliza habari za serikali ya siku mbili.
Keti. Kiti hicho kina mguu mfupi, utakizoea.

Ilikuwa Februari, theluji imeziba mlango wa nyuma,
nami Dorcas Whitlam, mzoa majivu wa ofisi ile
tangu nilipofiwa na mume.
Alfajiri ya Jumatano bawabu Thripp akaninong'oneza:
"Wa jana wameng'oka wote,
kama meno ya kikongwe, moja likitoka mengine yafuata.
Washa moto. Wapya waja."

Wapya walikuwa watatu.
Watatu, bwana, na viti kumi na viwili.
Lodi mmoja, wigi lake limejaa unga
hata akitamka "Uingereza" linapaa wingu;
rafikiye mwenye jongo, mguu juu ya mto;
na kijana aliyekuja na wino wake mwenyewe.
Wakatuma barua kwa mabwana wa mji mzima:
njooni mtawale pamoja nasi.
Tarishi akarudi na theluji mabegani, mikono mitupu.
Mmoja ana mafua. Mwingine yuko shamba.
Wa tatu, mkewe hajui alikokwenda,
na buti zake zi pale ukumbini, zafuka mvuke.

Nilipeleka makaa, nikakisikia kimya chao.
Hakikuwa kimya cha watu wanaofikiri.
Kilikuwa cha mwenye karamu
asikilizaye magurudumu ya magari
yakipita mlangoni pake
yakipita.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa hata jembe hawakulifikia.
Ijumaa, chai haijapoa, mhuri ulirudishwa ulikotoka
na kijana akaondoka na wino wake, chupa imejaa.

Mji ulicheka, wewe wajua.
Muuza kaa wa darajani alimpa punda wake uwaziri,
akamvua kesho yake kwa kula kofia.
Nami nilicheka. Kisha nikaenda kudai haki yangu.

Maana desturi ya nyumba ile ni hii:
mshumaa ukishawashwa na wakubwa,
kinachosalia ni cha mzoa majivu.
Serikali zilizokaa miaka ziliniachia vipande vya urefu wa ukucha;
zilikesha zikigawana vyeo
hadi nta ikaungulia kwenye shaba.
Hawa waliwasha sita, mirefu kama mkono wangu hadi kiwikoni,
wakaenda kulala mapema.
Hawakuwa na wa kubishana naye.
Thripp aliitazama, akanitazama mimi,
akageukia dirishani kuhesabu theluji.
"Desturi ni desturi, Dorcas."

Sisi tulikuwa watu wa unyasi uliochovywa shahamu ya kondoo,
mwanga wake robo, moshi wake kibaba,
nyumba yote ikanuka mchuzi wa juzi.
Usiku ule chumba kilinuka asali.
Binti yangu Kezia, miaka tisa,
aliuona kwa mara ya kwanza ufa uliokatiza dari,
akasema ni mto, akataka jina lake.
Kisha akaiokota karatasi iliyofungia jibini,
tangazo la kodi la mwaka uliopita,
akaweka kidole chini ya herufi moja
akaniuliza, na hii?
Sikujua. Tukamwita mshona viatu wa chini.
Kila usiku nusu saa, nazima kwa vidole, nahesabu iliyobaki.

Ile barua iliyokuleta hapa, mwandiko ule uliousifu,
wadhani ni wangu?

Basi andika ilianguka Ijumaa, ni kweli ilianguka.
Lakini kwangu ilidumu hadi Pasaka,
na kipande chake cha mwisho, hiki kama ukucha,
nilikisugua kwenye droo iliyokuwa ikikwama.
Ile pale. Hebu ivute.