Matabishi

Soko la Kadutu, saa nne, tope limefika vifundoni.
Nina fomu yenye visanduku vitatu:
desturi, faida, woga.
Mwalimu Bahizire kaniagiza: usitoke nje ya visanduku.
Mwenzake Cirhuza akacheka,
binadamu si sambaza, hapimwi kwa kikombe.
Wanabishana tangu Jumatatu, chai imepoa.
Mmoja: mila ndiyo inayotushika mkono.
Mwingine: mkono hujua njaa kabla ya kujua kabila.

Mama Nsimire hajui ugomvi huo.
Amejaza kikombe, akakisawazisha kwa kiganja,
akamwaga kwenye mfuko wa mteja,
kisha vidole vitatu vikarudi kwenye sinia
vikaongeza samaki watano,
akasita,
sita.

"Matabishi ya nini, mama?"
"Ya nini vipi?"
"Ni desturi? Au ili arudi kesho?"
Akanitazama kama niliyeuliza mvua inalipwa na nani.
"Yule harudi. Anahamia Uvira leo."
"Basi ni desturi."
"Mama yangu aliuza hapa miaka thelathini.
Hakuongeza hata mmoja."
"Unaogopa kusemwa?"
Akacheka mpaka jirani wa mihogo akageuka.

Nikaandika, nikafuta, karatasi ikatoboka
pale pale kwenye kisanduku cha tatu.
Nikanunua kikombe kimoja, nipate njia ya kuondoka.
Vidole vikarudi kwenye sinia.

Nikawahesabu nikipanda mlima, mvua ikianza:
wanne.

Yule wa Uvira alipata sita.
Kwa nini mimi wanne?