Mita Kumi na Saba

Minazi ya Msimbati haitikisiki.
Somoe analamba kidole, anakiinua:
ubavu mmoja wapoa, kidogo tu.
Huu ni upepo wa kupoza uji.

Tiara ya mita tisa anairudisha begini;
ile yataka kusi ya Julai, yataka kelele.
Anaikunjua ya kumi na saba,
pana kama paa la jirani,
yenye kiraka cha kanga,
maandishi yamebaki nusu: USINIHARAKI—

Kubwa hugeuka kwa uvivu.
Lakini kubwa husikia.

Pampu yamtoa jasho kuliko bahari.
Kisha kamba zinakaza, polepole,
kama mtu aliyeitwa usingizini,
na ubao unaacha kuzama.

"Dada, mbona hakuna upepo?"
mtoto analiuliza povu.